Antena Iliyobaki kwa Maman Georgette

Hata kiti alimpa kile kizuri. Hilo ndilo linalomchoma Georgette mpaka leo: kiti cha wageni, chenye kitambaa alichofuma mwenyewe, na alikifuta kwa upindo wa kitenge kabla yule mtu hajakaa.

Alikuja Jumanne, mvua ikiwa imekatika, viatu vimejaa udongo wa Cimpunda, mtaa wa mlimani. Alijitambulisha: Bisimwa, mtu wa ofisi ya mawasiliano. Alikuwa na karatasi yenye muhuri, na adabu nyingi.

"Maman présidente, tuko tunaandika ma antene yote ya quartier. Ile yenye haiandikwe, serikali itailinda namna gani?"

Présidente, yaani mwenyekiti. Georgette amefundisha darasa la nne miaka kumi na saba, mshahara unakuja ukitaka, na hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumwita kwa heshima hiyo. Tusimfichie: alifurahi, akabandika maji ya chai.

Antena walizisimamisha wenyewe, watu wa shirika, majirani wanaosali pamoja kila Alhamisi. Anaclet, fundi wa redio, alikusanya mashine kuukuu, akaziwekea programu ya bure ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha, akawafundisha hata akina mama kuiweka. Internet ilitoka parokiani, ikaingia kwa Georgette, na kutoka kwake ikaenda nyumba nyingine sita. Kabla ya hapo mega za kampuni za simu zilikuwa zinaisha ukurasa haujafunguka. Charlène, binti wa Mélanie mshonaji, alikuwa anasoma uuguzi kwa simu, amebakiza mtihani mmoja. Ruhusa waliomba. Waliandika barua tatu, na ofisi haikujibu hata moja.

"Bon. Muko na antene ngapi?"

"Iko sept, papa."

"Iko wapi na wapi?"

Antena hizo lazima zionane, la sivyo hazifanyi kazi. Ukisimama mlangoni pa Georgette unaziona zote saba. Alimtoa nje, akanyoosha kidole. Ile ya Mélanie. Ile karibu na mti wa avoka, ya muzee Emile. Ile ya Anaclet haionekani kabisa kutoka barabarani. Georgette alimvuta mgeni mkono wa koti ili aione vizuri. Bisimwa aliandika, akanywa chai, akashukuru.

Alhamisi, saa ya sala, alirudi na polisi, mapanga na ngazi. Walikata milingoti, wakabeba mashine, wakaondoka na Anaclet. Kwa Georgette hawakuingia.

"Na yangu?" aliuliza mbele ya majirani wote. Alikuwa anawaomba waikate.

"Yako inabakia, maman," Bisimwa alisema, kwa sauti ya kusikika na watu. "Wewe ulisaidia service ya serikali."

Mélanie alimwangalia mara moja tu, akaingia ndani.

Georgette alitaka kwenda kujieleza. Aeleze nini? Kwamba alidhani zitalindwa? Mtu mzima wa Cimpunda, hajui mtu wa ofisi akipanda mlima anatafuta nini? Aliona aibu kwenda kuchota maji, aliona aibu kwenda misa. Sala ya shirika ilihamia nyumba nyingine na hakuna aliyemwambia ni ipi. Panga alilishika mara mbili akakate ule mlingoti mwenyewe. Lakini kila mchana Charlène alikuja kusimama nyuma ya ukuta wake, ameipa nyumba mgongo, anavuta ile internet iliyobaki, na Georgette akarudisha panga.

Jumatatu moja mvua ilinyesha sana. Charlène alikuwa pale ukutani, simu ameifunika kwa sachet ya plastiki. Georgette alifungua mlango.

"Charlène, ingia, mutoto wangu."

Binti hakugeuka. "Niko bien hapa, maman."

Wakati huohuo Bisimwa alipanda, akampita yule binti, akaingia bila kubisha. Alikaa kwenye kiti kilekile, akatoa simu.

"Maman présidente, nipe code ya internet."

Georgette alimpa, tarakimu moja moja, kwa sauti kubwa kwa sababu ya kelele za mvua kwenye bati. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona Charlène akishuka kwenye matope.

Bisimwa alitazama simu yake, akatabasamu. "Kumbe iko mbio hivi!"

"Ni juu ya kuwa niko peke yangu, papa," Georgette alisema, akaenda kubandika maji ya chai.