Rangi ya Damu ya Mzee

Mara ya tatu furushi la sufu liliporudishwa kijijini kwetu Teotitlán, wifi yangu Eufrasia hakulifungua. Alilipiga teke.

"Safari hii anasemaje?" akaniuliza, maana simu ilikuwa mkononi mwangu.

"Anasema imezidi uzambarau."

"Ya kwanza ilizidi weusi, ya pili imepauka. Huyu anataka rangi au anataka roho yangu?"

Aliyesemwa ni Renata, mpambaji wa hoteli moja mjini Oaxaca. Alitaka zulia la rangi ya damu ya mzee, lifanane na ukuta wa ukumbi, akatuachia kikaratasi cha mfano. Majuma sita tulikwangua wadudu wa kutoa rangi nyekundu kwenye mipungate, tukawakausha, tukawasaga kwenye jiwe hadi mabega yakafa ganzi. Uzi wa kwanza tuliompelekea auone kabla ya kufuma ulilingana na karatasi kabisa. Alipourudisha, Eufrasia akakamulia ndimu sufuriani rangi ing'ae. Renata akarudisha tena, wifi akatia majivu ikolee. Wapi!

"Vaa viatu," akaniambia. "Twende."

Tulipanda basi na mafurushi yote matatu. Renata akatupokea ukumbini, akashikiza uzi wa mwisho ukutani. "Mnaona, mama zangu? Haviendani hata kidogo."

Kweli havikuendana. Nikaona haya. Lakini Eufrasia alikwenda dirishani, akavuta yale mapazia mazito, jua likamwagika ndani. Akachukua ule uzi wa kwanza, akakibandika kikaratasi juu yake. Havikutofautiana hata chembe. Kisha akapeleka kikaratasi ukutani. Ukuta ulikuwa kama tofali lililonyeshewa.

"Nani kapaka huu?"

"Mafundi," Renata akajibu kwa sauti ndogo. "Rangi ya kopo."

"Basi mwanangu, sufu haina kosa. Pakeni ukuta upya."

"Jamani, mama! Ukuta huu umeshapakwa mara nne! Mwenye hoteli kila akija anakunja uso!"

"Na mimi je? Nimepika wadudu mara tatu!"

Wakatazamana, wote wawili wamefura. Mara Renata akavua kiatu chake cha kisigino kirefu, akakaa sakafuni nacho mkononi, akacheka mpaka machozi. Eufrasia hakucheka. Alikata kipande cha ule uzi wa kwanza, urefu wa kiganja, akamtupia pajani.

"Mpe fundi wako. Na mwambie atie macho."

Ukuta ukapakwa mara ya tano, safari hii ukalingana na uzi. Jumatatu tukaanza kufuma, na wifi alinung'unika mpaka pindo la mwisho.