Pakiti ya Mia Nne

Jumamosi ile mke wangu aliweka ndoo chini, akaenda kukaa kizingitini, akainamisha kichwa. Alikuwa na miezi saba kaburini, lakini wenye mchezo hilo halikuwahusu.

Aliposhindwa kutoka kitandani, binti yetu alimwekea kwenye simu mchezo wa shamba. Unapewa kipande cha ardhi, unapanda, unamwagilia, na ndani yake kuna mtu mdogo ambaye ndiye wewe. Wa kwake alimchagua mama mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani, kama alivyokuwa yeye kabla ugonjwa haujamla. Alipanda maharage kwa mistari iliyonyooka. Mbele ya nyumba akaweka kiti kimoja.

"Hicho ni chako, baba watoto," aliniambia. "Si umezoea kukaa wenzio wakifanya kazi?"

Alipofariki niliendelea kulipa. Ukilipa uanachama wa mwezi, yule mama anatembea mwenyewe na ndoo yake, maharage hayakauki. Kila asubuhi kabla ya kufungua karakana nilimtazama mpaka amalize mstari mmoja. Anayetaka kucheka na acheke.

Lakini hulipi pesa. Unanunua almasi kwa pesa, halafu unalipa kwa almasi. Wameweka mlango katikati ili usione unachotoa. Almasi mimi naijua, iko kwenye ncha ya kikatio changu, nimekatia vioo miaka thelathini na moja. Hizi zao huwezi hata kukwaruzia ukucha.

Uanachama ulikuwa almasi mia nne, na pakiti ndogo kabisa ni ya mia nne. Sawa. Mwezi ule nikanunua pakiti kama kawaida, mchezo ukakataa. Nikampelekea binti simu.

"Baba, uanachama sasa ni mia nne na hamsini."

"Basi ninunulie hamsini."

"Hawauzi hamsini. Ni pakiti nyingine ya mia nne, au ile ya elfu."

"Na zitakazobaki?"

"Zinafutika mwisho wa mwezi."

"Wamekosea hesabu hao."

Binti akanitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mwanawe akifunga vifungo vya shati kombo. "Hawajakosea, baba."

Pesa ya pakiti ya pili sikuwa nayo. Ndipo mama akaweka ndoo chini. Na alivyokaa pale kizingitini ndivyo alivyokaa ukingoni mwa kitanda siku daktari alipofunga faili lake. Chini yake yakatokea maandishi mekundu: asipolipiwa hadi Ijumaa saa kumi na mbili jioni, shamba atapewa mtu mwingine.

Alhamisi nikaitwa kwenye ofisi moja, ghorofa ya tatu. Kioo kimoja cha ukuta wa chumba cha mkutano kilikuwa kimevunjwa, vijana walikuwa wakisukumana na viti vya magurudumu. Watu wazima, wana ndevu. Kwenye korido nikaona picha ndefu kama mlango: mama na ndoo. Wa kwao kitambaa kilikuwa cha bluu. Nikajua niko kwa nani. Nikatoa tepu, nikapima pengo la kioo. Urefu mita mbili na sentimita kumi, upana tisini.

Walikuwa wakiendelea na mkutano, mimi nimepiga magoti miguuni pao nikiokota vipande. Fundi ni kama kiti, watu hawanyamazi kwa ajili yake. Aliyekuwa akiongoza wanamwita Mkuu wa Bei, na nilidhani ni utani mpaka nilipoona kibandiko mlangoni kwake.

"Hamsini ndiyo siri yenyewe," alikuwa akisema. "Mtu akipungukiwa kidogo, roho inamuuma kuziacha alizonazo. Analipa."

"Na kizingiti?" akauliza msichana mwenye kompyuta.

"Kimetusaidia sana. Mwanzo alikuwa anakaa tu. Tangu tumwinamishe kichwa, wanaorudi kulipa wameongezeka."

Tangu tumwinamishe kichwa. Nilijikata kidole na sikusikia maumivu.

Ijumaa saa nane nikarudi na kioo, nimekikata kamili usiku ule ule wa Alhamisi. Nikakiegemeza ukutani kwenye korido, nikakaa juu ya sanduku langu la vifaa. Mkuu wa Bei akatoka mbio, viatu vyake vyeupe kama vya mtoto aliyeanza kutembea.

"Mzee, vipi? Wageni wenye mitaji wanafika saa tisa. Weka kioo."

Nikamnyooshea simu. "Kwanza mwinue huyu."

Akatazama, akacheka. "Aa, kumbe na wewe ni mteja wetu! Mzee wa kisasa!"

"Ni shamba la marehemu mke wangu."

Akaacha kucheka, lakini meno yalichelewa kurudi ndani. "Pole sana, mzee. Ila hilo ni suala la mfumo. Mimi siwezi kugusa mfumo."

"Na mimi siwezi kugusa kioo."

"Si tumeshakubaliana bei?"

"Imepanda."

"Imepanda lini?"

"Sasa hivi. Nyie mlipopandisha yenu, mlinitumia ujumbe lini?"

Msichana wa kompyuta akajifanya anakohoa. Mkuu akatazama saa, akatazama lile pengo, na nyuma yake meza yao ya mkutano iko uchi kama duka lisilo na mlango. Akamwambia yule msichana kwa sauti ya chini, "Mpe mwaka mzima." Msichana akaniuliza jina la shamba, akabonyeza mara mbili. Mara mbili tu, nilihesabu. Kwenye simu yangu mama akanyanyua kichwa, akasimama, akaokota ndoo, akaanza na mstari wa kwanza wa maharage.

Ningepaswa kufurahi. Kumbe ni vidole viwili! Kwa vidole viwili wangeweza kumwacha asimame tangu Jumamosi, wasipungukiwe hata na karatasi ya chooni.

"Wako wangapi kizingitini leo?" nikamuuliza msichana.

Akamtazama bosi wake, kisha akasoma. "Elfu kumi na moja na kitu."

"Wainueni."

"Mzee," akasema Mkuu, sasa kwa upole ule wa kumwondolea mtu mkono begani, "wewe umepata. Wale wengine hawana kioo."

"Haya," nikasema. Nikakilaza kioo juu ya blanketi langu sakafuni, nikaweka rula, nikapitisha kikatio mara moja, moja kwa moja, kikalia kile kilio chake chembamba. Nikabinya. Tak. Ukatoka ukanda wa sentimita kumi, msafi, upana mzima wa kioo.

"Unafanya nini?"

"Nauza vya mita mbili."

"Lakini pengo ni mbili na kumi! Ulipima mwenyewe!"

"Ndiyo. Umepungukiwa kidogo tu. Nunua kingine cha mita mbili, ukate hizo kumi, zitakazobaki zitupe."

Nilikipachika kwa uangalifu, nikakibana juu na pembeni, nikapaka gundi kama ninavyompakia mteja yeyote. Kazi mbaya sifanyi. Chini pakabaki uwazi wa sentimita kumi. Mkuu alikuwa akinguruma kwenye simu ndani ya chumba, na maneno yake yote yakapita chini ya kioo hadi kwa wanawake wa mapokezi, wazi kabisa: "Huyo mzee mwanaharamu, mfutieni huo mwaka! Sasa hivi!" Wanawake wakatazamana. Mmoja wao akaniitikia kwa kichwa. Wageni walikuwa wameshafika, wamesimama pale pale na mabegi yao.

Nilishuka kwa ngazi. Kwenye pikapu nikafungua simu. Mama alikuwa katikati ya mstari wa nne. Akasimama, akatazama pembeni kama aliyeitwa. Akaweka ndoo chini, akaanza kuelekea kizingitini.

Mke wangu aliumwa miaka miwili na, ukiacha ile siku ya faili, hakuwahi kumwinamia mtu, hata aliyekuwa akimdunga sindano. Nilijua nikingoja atafika, na mwingine atalichukua shamba, na kiti changu atakiuza kwa almasi. Nikabonyeza kufuta mchezo wote kabla hajakanyaga kizingiti.

Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Ikaniambia wataniongezea almasi hamsini za bure, kwa leo tu.

Hamsini. Kumbe walikuwa nazo.

Nikabonyeza ndiyo, nikauweka ule ukanda wa kioo kwenye kiti cha abiria, nikaufunga mkanda usivunjike.