Benki Aliyoikimbia Idarus

Simu ya Cheryl iliingia Jumatatu saa tano asubuhi, Idarus akiwa kwenye mizani ya ghala la mizigo pale uwanja wa ndege, akipima makasha ya kaa wanaosafirishwa ng'ambo wakiwa hai. Cheryl ndiye karani wa benki aliyeshughulikia ombi lake la nyumba. Alisalimu vizuri, akauliza hali ya watoto, kisha akasema, "Mzee Idarus, kuna kitu kidogo kwenye faili yako. Pitia hapa Jumatano saa nne, na ukuje na kitambulisho."

"Kitu gani, mwanangu?"

"Kidogo tu. Tutaongea ukifika."

Simu ikakatika. Idarus akaandika kilo arobaini na mbili kwenye kasha la kilo ishirini na nne, mwenye kaa akapiga kelele, na tangu hapo mpaka jioni hakuwa mtu wa kutegemewa. Lile neno "kidogo" ndilo lililomtia baridi. Daktari naye, kabla ya kukudunga, husema utaumia kidogo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ile ile aliyokuwa akiipanga mtaani Mjambere kwa miaka kumi na mmoja, vyumba vitatu na ua mdogo wa nyuma. Mwenye nyumba, Bi Mwanarehema, jirani yao wa mlango wa pili, alikuwa ameamua kuiuza. Mnunuzi wa Bamburi alishamfuata na pesa taslimu, lakini kwa haki ya ujirani bibi akampa Idarus nafasi ya kwanza, mwisho Ijumaa. Idarus, ambaye ana maradhi ya kuapa, akasema mbele ya mkewe, "Wallahi, Bi, ikifika Ijumaa benki itakuwa imekubali." Mnunuzi wa Bamburi akaambiwa asubiri. Jalila, mkewe, akaanza kupima madirisha ili ashone mapazia, kwa kuwa miaka yote ile alikataa kushona mapazia ya nyumba ya watu.

Benki waliyoiomba ni ya wasiokula riba. Huinunua nyumba yenyewe, nawe ukakaa humo ukiinunua kutoka kwake kidogo kidogo, kwa faida mliyokubaliana tangu mwanzo. Kamati yake hukaa mara moja kwa mwezi, na mwezi huu ilikuwa ikae Alhamisi.

Jioni ile Idarus aliketi mbele ya sahani ya wali akizihesabu dhambi zake. Ya kwanza ilikuwa hundi ya karo ya binti yake Safa, iliyorudi mwezi wa pili kwa sababu mshahara ulichelewa siku moja. Hiyo alidhani itasameheka. Ya pili ndiyo iliyomkaba. Miaka mitatu nyuma, khatibu alihutubia juu ya riba mpaka watu wakainamisha vichwa. Idarus alitoka msikitini moja kwa moja mpaka benki yake ya zamani, akatoa kila shilingi, akarudi nyumbani akaikata kadi kwa mkasi wa Jalila na kuapa, "Wallahi, benki ile haitaonja tena senti yangu!" Lakini akaunti hakuifunga. Kwake yeye, mtu akishatoa vyombo vyake chumbani basi amehama. Hakujua kwamba ada ya kila mwezi iliendelea kukatwa kwenye akaunti isiyo kitu. Ujumbe ukaja kwenye simu kwamba anadaiwa, ukaja tena na tena, naye akawachukulia walioutuma kuwa matapeli. Mmoja wao Idarus alimjibu kwa kumwombea uongofu. Sasa, mbele ya wali, ndipo aliposhuku kwamba ilikuwa benki kweli.

"Mbona huli?" akauliza Jalila. "Una nini?"

"Joto."

"Joto la mwezi wa saba?"

Idarus akatia tonge mdomoni ili asijibu. Alikuwa na hofu ya kweli. Alimwona Jalila akifunga vyombo, watoto wakihamishwa shule, na mnunuzi wa Bamburi akibadilisha makomeo. Zaidi ya yote aliogopa uso wa mkewe siku atakapojua kwamba nyumba iliponyoka kwa sababu ya mtu aliyekata kadi kwa mbwembwe.

Jumanne aliomba ruhusa kazini akaenda tawi la benki ile ya zamani. Kijana wa kaunta akabonyeza, akatazama, akasema, "Shilingi mia nane na sabini."

Idarus alitaka kucheka. Hapo tena akakumbuka kiapo. Akilipa, benki ile itaonja senti yake, na kiapo cha Mungu si cha kuchezea. Asipolipa, nyumba imekwenda. Alisimama pale na noti mkononi mpaka foleni ikaanza kuguna. Mwishowe akalipa, huku akijua kafara yake ni kulisha maskini kumi, na palepale akaomba barua ya kuonyesha kwamba hadaiwi tena na akaunti imefungwa.

"Siku kumi na nne za kazi," akasema kijana.

"Kamati yakaa kesho kutwa, mwanangu."

"Kamati gani?"

Idarus akatoka.

Jumatano saa nne kasorobo alikuwa ameshaketi mbele ya Cheryl, shati limemganda mgongoni. Cheryl alikuwa akifungua faili, lakini Idarus hakustahimili kumngoja aanze.

"Kabla hujasema, niache niseme mwenyewe." Akayamwaga yote, hutuba, kadi, mkasi, matapeli aliowaombea uongofu, shilingi mia nane na sabini, na barua ya siku kumi na nne. Aliposita kuvuta pumzi aliona kalamu ya Cheryl imesimama hewani.

"Mzee," akasema Cheryl taratibu, "mimi nilikuita kwa sababu ya sahihi. Ukurasa wa tisa uliuruka. Hilo deni halikutokea kwenye ripoti yako ya madeni, ni dogo sana. Hakuna mtu hapa alikuwa analijua."

Idarus alihisi sakafu inamkimbia.

Cheryl akatazama mlango, akashusha sauti. "Kesho kamati itaniuliza kama kuna deni lolote la mteja ninalolijua, na nitaandika jibu na jina langu chini yake. Saini hapa, uende. Mimi nilikuwa natafuta kalamu, sijasikia kitu."

Akamsogezea ukurasa wa tisa. Idarus akasaini. Angeweza kuinuka. Nyumba ilikuwa pale, hatua tatu kufika mlangoni. Lakini alimtazama binti yule na jina lake lililobandikwa kifuani, akaona kwamba siku jambo hili likifumuka ni yeye atakayefukuzwa kazi.

"Andika," akasema. "Andika nilivyokwambia."

"Nikiandika, watangoja hiyo barua. Ni mpaka mwezi ujao, na mwezi ujao sijui watasema nini."

"Andika, mwanangu."

Cheryl akaandika. Idarus alipofika ngazini alitamani arudi aichane ile karatasi.

Nyumbani alimkuta Jalila juu ya stuli, dirishani, akamweleza kila kitu akiwa bado amesimama mlangoni. Jalila alishuka polepole.

"Ungenambia Jumatatu," akasema, "ningekwambia unyamaze mpaka uulizwe."

Idarus akavua kofia akaishika kifuani; ndivyo ilivyokuwa.

"Haya, vaa kofia yako. Twende kwa Bi Mwanarehema sasa hivi, kabla hatujapata akili ya kutunga uwongo."

"Ndooni mkae," akasema Bi Mwanarehema, akawasikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele kwenye ungo. 

"Yule karani alikuwa hajui?" akauliza.

"Alikuwa hajui, Bi."

"Na alipokwambia wende zako, ukamwambia aandike?"

"Nikamwambia."

Bibi akapepeta ungo, akatupa chuya mbili. Jalila alikuwa ameushika mkono wa mumewe.

"Huyu wa Bamburi nitamwambia angoje mwezi mmoja tena," akasema Bi Mwanarehema. "Akichoka, achoke. Mimi nakujua, Idarus, nimekuona miaka kumi na mmoja. Lakini benki haikujui. Wao watakaa na karatasi, na karatasi yasema ulikuwa na deni ukalificha miaka mitatu."

"Sikulificha, Bi. Wallahi, mimi..."

"Usiape!" wakasema wanawake wote wawili.

Idarus akainuka. Akaubusu mkono wa bibi, akashukuru, akatoka na mkewe. Kwenye kizingiti cha nyumba yao Jalila alimwachia mkono, akaingia ndani, akaikunja tepu ya kupimia na kuitia kabatini.

"Mwezi mzima," akasema, mgongo umemwelekea. "Tutalalaje, Idarus?"