Duara Jekundu la Irungu

Kosa la mtu mwingine lilimpa Irungu raha ambayo hata chai ya maziwa haikumpa. Usimwonee huruma mapema. Alikuwa msimamizi wa kompyuta kuu ya shirika lenye zahanati nne, mashine ya zamani iliyokaa kwenye chumba chake chenye baridi huko Gatina, Kawangware, na zahanati zote ziliandika dawa zao humo.

Mashine hiyo ilikuwa na sheria moja. Ukifungua faili ya dawa ili kurekebisha kitu, inakushikia wewe peke yako na wengine wanangoja, watu wawili wasije wakaharibiana maandishi. Ukimaliza, unatoka. Ukisahau kutoka ukaenda zako, zahanati nne zinasimama na wagonjwa wanapiga foleni mpaka barabarani. Hapo ndipo Irungu alipoingia kwa mbwembwe. Aliiuliza mashine nani yuko kwenye faili, nayo ikampa orodha ya majina. Akaipiga picha kwa simu, akachora duara jekundu kwenye jina la mkosaji, akaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya wafanyakazi wote thelathini na saba. Chini aliandika maneno yale yale: "Aliyetufungia leo ni huyu." Ukichorewa duara mara tatu, meneja, Madam Angeline, anakuita.

Jumatatu moja, saa tatu na nusu asubuhi, Irungu alikuwa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, mandazi mkononi, simu zilipoanza. Faili ya dawa imefungwa. Alirudi akipangusa mafuta kwenye suruali, akaketi kwenye chumba cha mashine, akaita orodha. Jina la kwanza: Leila. Tena Leila! Yule binti wa zahanati ya Kibera, miezi miwili tu kazini, bado yuko kwenye majaribio. Irungu hakusoma zaidi. Picha, duara, grupu. Akaongeza kwa kiburi: "Hii ni mara ya tatu. Madam, nakuachia wewe."

Madam hakukawia. "Leila, ukuje ofisini saa nane. Beba kadi ya kazi." Kila mtu alijua kadi hurudishwa na anayefutwa kazi.

"Nisameheni sana," Leila akajibu. "Nimezima kompyuta kabisa."

Lakini simu hazikukoma. Lusweti wa zahanati ya mtaa wa Kongo alisema bado imefungwa. Irungu akaita orodha upya, akinung'unika. Jina la Leila halikuwepo tena. Lusweti alikuwepo, na Ndinda wa zahanati nyingine, na mwishoni mwa kila mstari, upande wa kulia, mashine iliandika kwamba hao wanangoja. Chini kabisa lilikuwepo jina moja tu la aliyeshika faili. Lilikuwa lake.

Asubuhi hiyo, kama kila Jumatatu, alikuwa ameifungua faili kwenye kompyuta ya meza yake, akasahihisha jina la dawa ya pumu, kisha badala ya kutoka akalishusha dirisha la faili tu, kwa haraka ya mandazi. Kosa lile lile alilowafokea wageni wote kazini! Alikwenda mezani kwake, akatoka. Faili ikafunguka. Kwenye grupu wakampigia makofi: "Asante Mzee Irungu, bila wewe tungefanya nini!"

Angeweza kunyamaza, na nusura anyamaze. Ila alizitafuta zile picha zake mbili za awali, akazikuza kwa vidole. Ndani ya duara jekundu, Leila. Mwisho wa mstari, anangoja. Nje ya duara, chini, Irungu, ameshika. Siku zote mbili alikuwa amerudi mezani, akafunga madirisha yake kwenye kompyuta, akadhani binti ametii. Mashine iliwapanga wanaongoja kwanza, kwa jinsi walivyofika. Jina la Leila lilitangulia kwa sababu Leila aliwahi kazini kuliko wote. Watu thelathini na saba walikuwa na picha hizo mifukoni, na hakuna aliyesoma nje ya duara.

Saa sita boda ilimshusha Makina, Kibera. Njia nzima alikuwa akipanga jinsi ya kumweleza pembeni, taratibu, watu wasisikie. Alimkuta Leila dirishani akigawa dawa na kuandika kwa kalamu kwenye daftari. Kompyuta nyuma yake ilikuwa bado imezimwa, aliogopa kuiwasha. Kadi ya kazi ilikuwa mezani, kamba imezungushwa vizuri, tayari kurudishwa.

"Leila, toka kidogo tuongee."

"Mzee, kama ni kadi, si mlisema saa nane?"

"Si kadi." Akashusha sauti. "Ni mimi nilifunga faili. Leo, na zile siku zingine. Nimekuja kukuomba msamaha."

Leila hakuacha kuhesabu vidonge. "Nilijua si mimi."

"Sasa mbona ukasema tukusamehe?"

"Ningebishana na wewe aje? Mimi niko kwa majaribio, wewe ni Irungu. Mama aliniambia nikubali tu, itaisha." Akafunga bahasha, akamkabidhi mgonjwa. "Umeambia nani mwingine?"

"Nimekuja kwako kwanza."

"Uliniweka kwa grupu, Mzee. Ukiniambia hapa peke yangu, inanisaidia nini?"

Irungu alitoa simu, akachukua picha zote tatu, akachora duara kwenye jina lake mwenyewe. Akaandika: "Aliyetufungia leo ni huyu. Na mara mbili za kwanza ni huyu. Leila alikuwa anangoja tu." Kidole kilikaa juu ya kitufe.

"Mzee, kama huchukui dawa, ondoka kwa dirisha," mama mmoja alisema nyuma yake.

Akatuma. Safari hii hakuna aliyempigia makofi. Kisha Madam Angeline akaandika: "Leila, endelea na kazi. Irungu, saa nane. Beba kadi."

Leila aliusoma ujumbe kwenye simu yake. Aliichukua kadi mezani, akaivaa shingoni, akageuka akaiwasha kompyuta.

"Nani anafuata?" aliuliza.

Irungu akapisha.