Kona ya Ardith Kwenye Fremu

Mahindi yalipokwisha kuvunwa na mashamba kubaki mabua matupu, Ardith Brandvold alisukuma kochi ukutani akaifunga fremu yake ya kushonea mifarishi katikati ya sebule, na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyepita mle ndani asijigonge goti kwenye mbao. Wanawake wa kanisani walijua maana yake. Kila Alhamisi mchana, majani ya miti yakiendelea kuanguka uani, walifika na sindano na subana zao kumalizia mifarishi ya viraka waliyoianza kwa mbwembwe wakati wa joto wakaitelekeza, na kubishana ni upi upandishwe fremuni baada ya ule uliopo.

Kubishana ni neno la adabu tu. Mwenye mkono bora ndiye aliyechagua, na mkono bora pale mjini, kwa ushahidi wa Ardith mwenyewe, ulikuwa wa Ardith. Haya, tusimnyime haki yake: mishono yake ilikuwa midogo kama ufuta. Lakini huo ulimi wake, jamani.

"Glenda ananunua vitambaa kama ana kiwanda," alisema, Glenda mwenyewe akiwa ameketi pale pale. "Muulize amemaliza nini. Anakuonyesha kabati."

Glenda alicheka. Angefanya nini, naye yuko nyumbani kwa mtu, anakunywa kahawa ya mtu?

Aliyepewa za uso kuliko wote ni Twila, wifi yake, mjane wa kaka yake Orrin. Orrin alipofariki, Twila aliyakata mashati yake ya drafti, yale ya shambani, akayaunga vipande vipande kuwa uso wa mfarishi. Sasa ulihitaji pamba, kitambaa cha chini, na mikono ya wenzake kuushonea kwenye fremu. Kila mwaka aliuleta ndani ya mfuko, na kila mwaka Ardith aliushika kwa vidole viwili.

"Wifi, hii ni nyota au ni kaa wa baharini? Mbona pembe hazikutani?"

"Naweza kuzirekebisha."

"Rekebisha basi. Utauleta mwakani."

Wenzao wakacheka, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa pa kucheka, na Twila akaukunja mfarishi wake akaurudisha mfukoni.

Kisha kulikuwa na lile jambo ambalo halikusemwa. Kwenye fremu ile huwezi kumwambia mwanamke kwamba mkono wake ni mbaya. Unamwachia kiti, unampa sindano, unamsifu. Akishaenda zake, wanaobaki wanachukua mkasi mdogo, wanafumua alichoshona, wanashona upya. Alhamisi inayofuata anarudi, anaitazama kazi yake, anajiona fundi. Ardith ndiye aliyekuwa akishika mkasi huo. Mishono ya Twila aliifumua miaka nenda miaka rudi, na alifumua kwa raha zake, huku anasonya.

Msimu huu mfarishi uliokuwa fremuni ulikuwa wa harusi ya Shelby, mjukuu wake. Ardith alijichagulia kona ya juu, upande unaolala mabegani, akakataza mtu yeyote kuigusa. Alitaka Shelby ajifunike mkono wa bibi yake maisha yake yote, na siku moja awaambie wanawe: huyu ndiye aliyekuwa fundi. Jina hilo ndilo pekee alilobaki nalo. Mume alishakufa, shamba limekodishwa kwa jirani, watoto wanapiga simu wakikumbuka.

Shida ni kwamba mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Ardith aliona, ila hakukubali kuwa ameona.

"Sindano za siku hizi zinatengenezwa na watu wasioshona," alisema. "Hazina ncha."

Alhamisi moja walipotawanyika, alimrudisha Glenda kwake kwa gari, kama kawaida, kwani Glenda alishaacha kuendesha. Twila alibaki kuosha vikombe, kama kawaida pia, na Ardith akamsema njia nzima.

"Vikombe vichache vile, mtu anashinda navyo kama anavibatiza."

Siku zote Glenda humkaribisha ndani wakala pai ya tufaha, na Ardith huila huku akiikosoa. Siku hiyo Glenda aliumwa jino, akamuaga mlangoni. Basi Ardith akarudi mapema. Alipoingia kwa mlango wa jikoni, vikombe vilikuwa vimeoshwa zamani, vimekauka. Twila alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha Ardith, kwenye kona ya Ardith, na mkasi mdogo mkononi. Mapajani mwake kulikuwa na kirundo cha nyuzi nyeupe.

Ardith alisimama na koti lake mwilini.

"Unafanya nini?"

Twila hakuruka wala hakujitetea. "Unajua ninachofanya, wifi. Wewe ndiye uliyeanza."

"Mimi? Unanifumua mimi?"

"Harusi imefika. Nimeona afadhali mimi kuliko Shelby kujionea mwenyewe."

"Wewe ambaye hujawahi kushona mstari ukanyooka?"

"Nyuzi zangu nilizikuta kwenye pipa lako la taka," Twila alisema. "Zamani sana, Orrin yu hai. Nilirudi nyumbani nikalia, halafu nikashona vitambaa vya jikoni mpaka mkono ukakubali. Na bado ukawa unanifumua. Hata huangalii siku hizi. Ukiona kiti ni changu, unafumua."

"Toka nyumbani kwangu."

Twila aliweka mkasi chini, akavaa koti, akatoka. Mlango aliufunga taratibu, jambo lililomuudhi Ardith kuliko kama angeubamiza.

Akawasha taa, akavaa miwani, akainamia kitambaa kwa nia ya kutafuta kosa. Alipata kosa, na lilikuwa lake. Mstari mmoja ulikuwa umefika nusu: upande huu mishono midogo, sawa sawa, imetulia, upande wa pili mishono inarukaruka, mirefu, mingine imelala kama mtu aliyelewa. Hakuhitaji kuambiwa ipi ni ya nani. Akaifuata kona yote kwa kidole, ile kona aliyokuwa akijisifia Alhamisi baada ya Alhamisi. Ilikuwa ya Twila kutoka mwanzo. Ardith aliona aibu mpaka masikio yakawaka, halafu akakasirika kwa kuona aibu, halafu hasira ikaisha na aibu ikabaki peke yake.

Alhamisi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya harusi. Twila alikuja, jambo ambalo Ardith hakulitarajia, akakaa kwenye kiti chake cha mbali, na mfuko wake wa mashati chini ya miguu. Glenda, jino likiwa limetulia, akainamia ile kona.

"Tazameni mkono huu. Katika umri huu. Ardith, wewe hutuachii hata makombo."

"Si wangu," Ardith alisema. "Ni wa Twila."

Walicheka. Walicheka kwa moyo kabisa, wengine wakiacha sindano wasijichome. Twila aliinamisha uso.

"Nasema kweli. Kona yote ameishona Twila."

"Ardith, muonee huruma wifi yako," Glenda alisema akifuta machozi. "Ipo siku atakuacha."

Ardith aliwatazama. Aliwafundisha yeye mwenyewe kucheka hivyo, na walikuwa wanafunzi wazuri. Angesema mpaka sauti ikauke, wangezidi kucheka, na kila kicheko kingemwangukia Twila.

Basi akavuta kiti. Palikuwa pamebaki kipande kidogo cha kushonwa, pembeni mwa kona ile. Akamwomba Glenda amtungie uzi, na tangu wamjue hakuwahi kuomba.

"Njooni hapa," alisema. "Wote. Karibu zaidi."

Akashona mbele yao. Mkono ulitetemeka, sindano ikakosa njia, ikarudi, ikatokeza mbali. Hakuharakisha na hakuzilaumu sindano. Aliumaliza mstari wote, akafunga fundo, akakata uzi, akaondoa mkono ili waone vizuri. Kando ya mstari ule mishono ya Twila ilikuwa imejipanga, na hata kipofu angetofautisha. Hakuna aliyecheka. Glenda alifungua mdomo amsifu, kwa mazoea, akaufunga.

"Unaofuata kupanda fremuni ni wa mashati ya Orrin," Ardith alisema. "Nimechagua. Na sitachagua tena, muulizeni Twila."

 Twila alikuwa anautazama mstari ule, na wote walikuwa wanautazama, na mkasi mdogo ulikuwa pale pale juu ya mbao. Ardith alijua vizuri sana wanangoja nini, maana amewahi kungoja hivyo yeye mwenyewe, mara nyingi mno. Lakini nyumba ilikuwa yake, hakuwa na kwingine kwa kwenda.

"Naenda kuweka kahawa," alisema.

Akaingia jikoni, akafunga mlango, akakaa huko muda wa kuwatosha kufumua.