Mpaka Mrija Ukorome

Siku mume wangu Líber alipofariki alikuwa na somo saa moja jioni, na somo lilifanyika.

Alianguka asubuhi akiwa kwenye foleni ya mitungi ya gesi, na kabla ya mchana daktari alikuwa ameshaniambia. Jioni nyumba ilijaa majirani. Dada yangu Elba alikuwa jikoni akichemsha kahawa ambayo hakuna aliyeinywa. Simu ya Líber ilikuwa mfukoni mwa koti langu, ikaanza kutetemeka. Wanafunzi wake wa mbali walikuwa wanamwandikia. Mmoja alisema hakuelewa sehemu ya mwisho. Mwingine aliuliza kama Jumamosi atalirudia. Mwingine alisema leo mwalimu umependeza, hiyo sweta mpya umepewa na nani. Líber alikuwa amelirekodi somo lile mapema na kulipangia saa ya kufunguka, na saa ilipofika likafunguka lenyewe. Walimwona, walimsikia, wakamwuliza maswali. Mimi nilikaa kitandani na simu mkononi, sijui niandike nini. Mwishowe Elba aliichukua akawaandikia.

Ninayaweka haya kwenye karatasi kwa sababu watu wanaomtaja mume wangu siku hizi huanza na matokeo ya mitihani, na mimi nataka kukumbuka na mengine.

Líber Arrospide alifundisha hesabu katika chuo cha ualimu cha mji wetu. Chuo kilikuwa na makundi mawili. Kundi la darasani lilikuja kila asubuhi, na mwalimu wao alikuwa rafiki yake Walter Píriz. Kundi la mbali lilikuwa la watu wa mashambani, akina mama wenye watoto, na askari mmoja wa kituo cha mpakani. Hao walisoma kwa mtandao siku za wiki, kila mtu kwake, halafu Jumamosi walikuja chuoni kutwa nzima kukaa na mwalimu ana kwa ana. Hilo lilikuwa la Líber. Mwanzoni alilikataa. Alisema hawezi kumfundisha mtu ambaye haoni uso wake unapokunjamana. Baadaye aliona kwamba bila mpango ule watu wale wasingesoma kabisa, akaingiza meza kwenye chumba chetu cha nyuma, akafunga kamera juu ya rafu.

Kuna jambo moja kuhusu ufundishaji wake ambalo lazima nilieleze. Líber hakuwahi kuingia darasani bila mate yake, ile chai chungu ya majani tunayoinywa kibuyuni kwa mrija, kibuyu mkono mmoja na chupa ya maji moto kwapani, kama tulivyo wote huku. Akishauliza swali, hakusema tena. Alimimina maji kwenye majani, akanywa taratibu kwa ule mrija wa chuma mpaka maji yakaisha na mrija ukakoroma. Kabla mrija haujakoroma, ilikuwa marufuku kujibu. Aliyejibu mapema aliambiwa, "Mwanangu, huo ni mdomo. Mimi nimekiuliza kichwa." Wanafunzi walikuwa na utani wao, kwamba swali rahisi ni kibuyu kimoja na swali gumu ni chupa nzima.

Kule chumba cha nyuma, mbele ya kamera, alifanya vile vile. Mimi nikiwa jikoni nilijua ameuliza swali kwa sababu nyumba ilinyamaza.

Walter alimtania sana. Jumapili walipokuwa wakichoma nyama uani kwetu, alikuwa akisema, "Shemeji Zulma, umeolewa na mwalimu wa kopo. Anafunguliwa, anamiminwa, basi."

"Kopo lina tarehe ya kuharibika," Líber alijibu huku akigeuza nyama. "Wewe uliharibika zamani na hakuna aliyeandika siku."

Walikubaliana kuwapa makundi yote mawili mtihani ule ule. Wa Julai ulionyesha kuwa wako karibu sawa. Watu wa Líber waliandika vizuri kidogo kuliko wa Walter, lakini waliposimamishwa ubaoni wawaeleze wenzao, walibabaika. Líber hakuona aibu. Alisema ndiyo maana kuna Jumamosi.

Baada ya mazishi alikuja Ximena, msichana mwenye sauti ya chini ambaye ndiye msimamizi wa masomo ya mtandao pale chuoni. Alikaa ukingoni mwa kiti na koti lake mwilini.

"Bi Zulma, mwalimu ameacha masomo ya mwaka mzima," alisema. "Yapo yote mpaka Novemba. Ukikubali, tutayatumia wanafunzi wamalize. Mwalimu Walter atashika Jumamosi."

"Kama yapo, yatumieni."

"Tutayapunguza kidogo tu, mama. Ni marefu, na watu wakiona somo refu hulikimbia. Kuna sehemu nyingi ambazo hakuna kinachotokea."

Nikamwambia afanye anavyoona. Sikuwa nimetazama hata moja. Picha zake niliweza kuzitazama, sauti sikuiweza.

Mwishoni mwa Septemba Walter alinishushia kuni, kisha akasimama mlangoni kama mtu anayedaiwa maelezo.

"Kundi la Líber limeporomoka, shemeji," alisema. "Jaribio la mwezi huu nimewapa sawa na wangu. Wangu wamepata kama kawaida yao. Wale wa mbali wameandika majibu ya mtu aliyeamshwa usingizini."

"Wamefiwa, Walter."

"Nilifikiri hivyo mimi pia. Lakini Agosti, wiki ile ya msiba, walifanya vizuri." Alijikuna shingo. "Chuo kinasema, Desemba ikiwa hivi, kundi linafungwa. Atakayetaka aje kila asubuhi, asiyeweza aache. Mimi nilimwambia mumeo, skrini ni skrini. Sifurahii kusema, lakini nilimwambia."

Hakuna aliyeishi mashambani, mahali kama Paso del Sauce, na kulea watoto ambaye angeweza kuja mjini kila asubuhi. Kufunga kulikuwa na maana ya kuwafukuza. Na kwangu kulikuwa na maana nyingine. Ile ilikuwa kazi ya mwisho ya Líber, aliyoifanya akiwa ameshachoka, na sasa ingeandikwa kwamba haikufaa.

Jumamosi moja ya mvua, nikiwa nakaanga mikate ya unga na mafuta kama tunavyofanya mvua ikinyesha, mtu aligonga mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, buti za mpira, na kipande cha jibini kimefungwa kwenye kitambaa.

"Mimi ni Noelia Techera, wa kundi la mbali," alisema. "Ninakamua ng'ombe kule Paso del Sauce. Samahani kuja mikono ikinuka zizi."

"Ingia, mwanangu. Hapa kinachonuka ni mafuta."

Alikula mikate miwili kabla ya kusema alilojia.

"Bi Zulma, mwalimu ana haraka siku hizi."

Sikumwelewa. Nilidhani amechanganyikiwa kwa huzuni, kama nami nilivyokuwa nikimwekea Líber sahani.

"Mwalimu amekufa, Noelia."

"Najua. Nilibeba ua kaburini. Nasema kwenye masomo. Zamani hakuwa na haraka, sasa anauliza na kujibu papo hapo, kama mtu anayetaka kuwahi basi. Sikiliza."

Akaiegemeza simu yake kwenye bakuli la sukari. Sikupata nafasi ya kukataa. Líber akatokea na ile sweta ya kijivu niliyomfumia mimi, akaanza kusema. "Lori limebeba kondoo linakwenda machinjioni kwa kilomita arobaini kwa saa, linarudi tupu kwa sitini, njia ile ile. Mwendo wake wa wastani ni upi? Arobaini na nane. Mtoto akikwambia hamsini, utamweleza vipi? Utamwambia lori lilikaa barabarani muda mrefu zaidi lilipokuwa zito."

Ilikuwa sauti yake, lakini mwanaume yule sikumjua. Niliishi naye miaka yote ile na sikuwahi kumsikia akiuliza kitu na kujijibu mwenyewe.

"Wameondoa mate," nilisema.

"Sijui wameondoa nini. Mimi simu nimeitundika kwenye msumari zizini, mikono yangu iko kwenye ng'ombe. Akiuliza, nilikuwa namjibu kwa sauti. Nakosea, nafikiri tena, nasahihisha, ndipo mrija unakoroma na yeye anasema. Sasa kabla sijafungua mdomo ameshasema. Najikuta naitikia tu, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Nikifika kwenye karatasi, sina kitu."

Tulikwenda chumba cha nyuma. Kompyuta ya Líber ilikuwa bado chini ya kitambaa cha kuzuia vumbi. Noelia ndiye aliyelipata somo lile la kondoo, lote, kama lilivyorekodiwa. Líber akauliza swali, akainua chupa, akamimina, akaanza kunywa. Hakutazama kamera. Nyuma ya kimya chake nilisikia sufuria, kisha sauti ya mwanamke ikisema, "Toka hapo, mjinga wewe, hiyo nyama si yako." Líber akageuza macho kuelekea mlango wa jikoni na akatabasamu na mrija mdomoni. Akabaki anautazama mlango ule mpaka maji yakaisha.

"Huyo ni wewe, Bi Zulma," Noelia alisema taratibu. "Sisi sote tunakujua. Kuna somo la uwiano ulimfokea mbwa mpaka wenzangu wakafikiri unatufokea sisi."

Jumatatu nilikwenda chuoni, ofisini kwa Ximena. Nilikuwa sijawahi kufika chuo kile ila kwenye sherehe. Walter alikuwemo, akisubiri karatasi zake. Nilimwambia Ximena ninaomba masomo yarudishwe yalivyokuwa.

Hakukasirika. Alinionyesha kwenye kompyuta yake jinsi watu wanavyoacha kutazama somo linapozidi urefu fulani. "Hili si wazo langu, mama. Vyuo vingi vimepima. Na anayetaka kufikiri anaweza kusimamisha mwenyewe, anabonyeza tu."

"Anayekamua ng'ombe anabonyeza na nini?" niliuliza. "Na atajuaje kwamba hapa ndipo pa kusimama, kama swali na jibu vimeunganishwa? Mimi niliishia sekondari, mambo ya kupima siyajui. Nakuomba utazame moja tu, lote, na Walter atazame."

"Mimi nina darasa," alisema Walter, lakini akavuta kiti.

Nilikuwa nimelibeba lile la kondoo. Líber akauliza swali lake la lori, akaanza kumimina maji.

"Hamsini," Walter alisema.

Líber alikunywa. Ximena alishika mkono wake usiende kwenye kitufe. Ni jambo gumu kumtazama mtu akinywa bila kusema, nilimwona akihangaika kwenye kiti. Halafu akaacha kuhangaika, na macho yake yakawa kama ya mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Walter naye nikamwona akiandika kitu kwa kidole juu ya goti lake.

Mrija ukakoroma.

"Aliyesema hamsini asijisikie vibaya," Líber alisema. "Mwalimu Walter Píriz wa kundi la asubuhi naye angesema hamsini, kwa kuwa anapenda kuwa wa kwanza. Mpeni dakika moja, atafika arobaini na nane. Si mpumbavu."

Ximena alifunika mdomo. Walter alitazama dirisha muda mrefu, mabega yakimtikisika, na sikujua anacheka au analia mpaka alipotoa leso.

"Punda huyu," alisema. "Hata huko aliko." Kisha akamgeukia Ximena. "Rudisha, binti. Kama wataporomoka, waporomoke na masomo yake, si yetu."

Ximena aliyarudisha wiki ile ile. Alichofanya zaidi ni kugawa kila somo vipande kadhaa, kila kipande kikiishia baada ya jibu, ili mtu aweze kuacha na kurudi. Nadhani Líber angelikubali hilo. Walter naye alibadilisha Jumamosi. Aliacha kuwahutubia, akawasimamisha ubaoni mmoja mmoja wamweleze yeye akijifanya mtoto mkaidi wa miaka kumi na mitatu, na Noelia aliniambia ukaidi haukumpa shida.

Desemba matokeo yalitoka. Kundi la mbali lilipata karibu sawa na la darasani. Kwenye kuandika walikuwa juu kidogo, na ubaoni bado walikuwa chini. Noelia alifaulu. Yule askari wa mpakani alishindwa na itabidi arudie. Watu wa chuo walitaka Walter aandike maelezo kwa nini kundi lilianguka na kwa nini likainuka, na kipi kimeshinda, darasa au mtandao. Alikuja kwangu na daftari tupu.

"Nitawaambia nini, shemeji? Nilibadilisha Jumamosi, wao wakarudisha masomo, na huzuni nayo ikapungua, yote kwa pamoja. Sijui ni lipi."

"Waambie hujui."

"Mwalimu wa hesabu aandike hajui?"

"Líber angeandika."

Aliandika hivyo. Kundi halikufungwa.

Nimeshayatazama masomo yote sasa, moja kila mchana, baada ya kuosha vyombo. Kwenye mengi nimo, na sikumbuki hata siku moja kati ya hizo.

Mwaka huu yanatumika tena. Mtaala mpya wa hesabu unaanza Machi ijayo, na hapo yataondolewa. Walter ameanza kurekodi ya kwake kwenye chumba cha nyuma, kwa kuwa nyumbani kwake kuna wajukuu. Anakuja kila Jumatano, nami naendelea na sufuria zangu jikoni kama zamani.