Kigingi cha Serikali

Kwa maneno ya NyaMsiska mwenyewe, walikuwa wanaume watatu. Walikuja Jumatatu asubuhi, watu wote wakiwa gulioni, yeye peke yake kabaki nyumbani kwa sababu ya goti. Walivaa kofia ngumu za njano, wakashuka kwenye gari jeupe, wakavuta kamba kutoka barabara kuu mpaka shuleni, na kila walipofika mahali wakapigilia kigingi chenye kichwa chekundu. Mmoja wao, mwenye kitambi, alimsalimia kwa adabu zote, akamwambia, "Mama, vitochi vyenu mvitupe sasa. Umeme wa serikali unakuja."

"Akasema unakuja lini?" aliuliza mwanamke mmoja pale bombani.

"Mtu wa serikali akwambie lini, wewe nani? Mkwewe?"

Wanawake wakacheka. Towera hakucheka. Alikuwa ameshika mpini wa bomba, anapampu taratibu, anasikiliza. Hii ilikuwa mara ya pili kuisikia habari hiyo. Alipoisimulia mara ya kwanza, gari liliachwa ng'ambo ya daraja, wale watu wakaja kwa miguu. Katika simulizi ya leo gari limefika hadi uani kwa NyaMsiska na limemkanyagia maboga.

"Maboga yapi, shangazi?"

"Yapi tena? Yangu!"

"Nimepita pale asubuhi. Yamestawi."

"Mwanangu, ulitaka yafe ndiyo uamini?"

Towera akaendelea kupampu. Ndivyo alivyokuwa. Shule aliiacha darasa la nane, kutazama hakuacha.

Kwake yeye habari ya vigingi haikuwa ya kuchekea. Nyuma ya shule kulikuwa na paneli za sola za bwana Nyirenda, mtu wa mjini Mzuzu, zilizokuwa zikiwasha taa na kuchaji simu za kijiji kizima. Msimu huu aliahidi kuongeza paneli na betri, na kuleta mashine ya kusaga mahindi. Mashine ilikuwa na mtu wake tayari: wanawake walikaa kikao wakamchagua Towera aishike. Mpaka hapo, kusaga kulikuwa kushuka bonde lote hadi gulioni kwenye mashine ya dizeli, mahindi kichwani, na kupanda tena na unga. Shingo ya mama yake ilikuwa imeshagoma. Ukimwita, anageuka mwili mzima.

Lori lilifika Alhamisi asubuhi. Nyirenda alikuwa amekaa mbele na dereva, anatabasamu, mpaka alipokiona kigingi cha kwanza. Akashuka. Akamwambia dereva asishushe kitu. Kisha akavifuata vigingi kwa miguu hadi shuleni, simu sikioni, akarudi hivyo hivyo. Watu walikuwa wameshajaa kulizunguka lori.

"Nani kati yenu alikwenda bomani kuomba waya wa serikali?" aliuliza. "Mngeniambia tu."

"Kaka, umeme si umeme?" mmoja akasema. "Ukija wa serikali, tutatumia na wako."

"Wangu utanunua wewe? Wao bei yao inabebwa na serikali. Mimi nimebebwa na benki."

"Si kuna sheria?" Towera aliuliza.

Nyirenda akamtazama. "Ipo, dada. Inasema waya ukinikuta hapa nitafidiwa. Nani anilipe, lini, kwa hesabu ipi, haijaandikwa. Waziri mmoja alisema tutawauzia wao umeme wetu. Aliyemfuata akasema tusubiri kanuni mpya. Sasa amekuja mwingine, huyu hajasema lolote. Paneli inadumu miaka ishirini. Neno lao sijui linadumu mingapi. Na benki inasikia redio kama mimi. Kila wakigeuza neno, riba yangu inapanda."

Watu wakaguna. Walipotawanyika, Towera aliwasikia: huyu anatafuta pa kutokea, mashine ameshaiuza kijiji kingine, boksi lile ni tupu. Hata yeye neno hilo lilimwingia. Alikanyaga gurudumu la lori, akachungulia nyuma, akalisukuma boksi la mashine kwa kiganja. Halikutikisika. Zito. Basi si tupu.

Nyirenda alikwenda kula nsima, ugali wa kwao, kwa mwalimu mkuu, akaacha neno kwamba jua halitazama akiwa hapo. Towera akachukua njia ya vigingi.

Kijijini kwao kigingi cha serikali hakiguswi. Miaka ya nyuma walikuja wapimaji wa barabara, na mzee Mkandawire akaanika shati lake juu ya kimoja. Aliitwa kwa chifu akatozwa kuku. Barabara yenyewe haikuja. Vigingi vyake bado vimo katikati ya mashamba, na watu wanalima wakivizunguka.

Lakini kigingi cha tatu kutoka barabara kuu kilikuwa kimefungwa mbuzi. Mwekundu, ana sikio lililokatika. Mbuzi wa NyaMsiska.

Towera akamtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama yeye, akaendelea kutafuna.

NyaMsiska alikuwa kizingitini, anamenya maharage.

"Hodi, shangazi."

"Karibu. Umekuja kukagua maboga?"

"Nimekuja kwa ajili ya mbuzi wako. Wakimwona pale watakutoza kuku."

Mikono ya NyaMsiska ikasimama. "Nilimfunga kwa haraka."

"Vile vya barabara ulikuwa unamzungusha mbali navyo, mpaka kule mtoni. Hivi mbona havikutishi?"

"Binti, unanipeleleza?"

"Nauliza tu."

"Uliza vizuri! Kaka yangu ana watoto wanaokula kwa ile mashine yake ya dizeli. Huyo wa Mzuzu akisaga hapa, wao wasage nini? Mawe?" Kisha akasikia alichokisema, akainamia ungo wake. "Mimi sijasema kitu. Ukienda kusema nimesema, nitakukana mbele ya chifu."

Towera alirudi kwenye kigingi, akamfungua mbuzi akamfunga kwenye mpera. Akatazama huku na huku. Akakishika kigingi kwa mikono miwili, akavuta. Kilitoka bila ubishi. Lilikuwa tawi la mkaratusi, gome bado bichi, limechongwa kwa panga.

Alimkuta Nyirenda kando ya lori, akamweleza yote. Nyirenda akakipokea kigingi, akacheka kidogo, kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo tushushe?" Towera aliuliza.

"Dada, tangu asubuhi napiga simu wizarani. Wa kwanza kasema waya unakuja huku. Mwenzake kasema huku hakumo kwenye mpango. Mwingine kasema nimpigie baada ya bajeti. Hakuna aliyeniambia, 'Vigingi hivyo si vyetu.' Hawajui. Kijiti cha kufungia mbuzi kimenitetemesha mchana kutwa, kwa sababu kingeweza kuwa cha kweli. Na kesho kinaweza kuwa."

"Lakini leo si cha kweli."

"Leo."

Dereva akawasha injini. Kutoka bondeni mama yake Towera alikuwa anapanda, beseni la unga kichwani. Aliposikia lori alisimama, akageuka mwili mzima kulitazama.

"Basi ondoka na paneli," Towera alisema. "Ondoka na betri. Shusha mashine peke yake. Ikae stoo ya shule, nitaifunika mwenyewe. Ikiwa hapa nitajua kwamba utaifuata."

Nyirenda alikigeuza kigingi mkononi. Akakwaruza rangi nyekundu kwa ukucha, ikatoka kidogo. Kisha akainua macho kuelekea barabara kuu, kama mtu anayetazamia gari jeupe la kweli.